Kutunza matoleo ya zamani ya programu kwenye Internet Archive: uzoefu wangu nikiwa Kigoma

Nina kibanda cha ufundi wa kompyuta Mwanga, hapa Kigoma mjini. Wateja wangu wengi ni wenye steshenari na walimu wanaotoka Kasulu na Uvinza, na mashine zao bado zina Windows 7, chache hata XP, mifumo ya zamani ya Microsoft. Ukimletea mtu wa XP kivinjari cha Firefox cha leo, hakifunguki kabisa. Toleo lake la mwisho ni 52.9 ESR. LibreOffice, ile ya kuandikia barua na majedwali, kwa XP mwisho ni 5.4. Kwangu mimi programu za zamani ni vipuri, kama fundi pikipiki anavyoweka plagi na kebo dukani.

Vipuri hivyo nilivihifadhi kwenye diski moja ya nje na maboksi mawili ya CD. Mwaka jana diski ikafa. Nikaokoa karibu nusu, na nusu yenyewe ilikuwa mafaili yanayoitwa setup, setup(1), setup_mpya. Toleo gani? La lini? Nilikesha nafungua moja moja. Kulipokucha nikafungua akaunti Internet Archive, ile maktaba ya mtandaoni iliyoanzishwa Marekani na Brewster Kahle mwaka 1996.

Akaunti ni bure, kupakia ni bure. Unajaza jina, maelezo, tarehe, lugha na maneno ya kutafutia. Watu wengi wanaandika jina wanaondoka zao, ndiyo maana unakutana na kifurushi, yaani ukurasa mmoja na mafaili yake, cha "programu za zamani" chenye zip kibao na huelewi kuna nini ndani. Mimi nimeiga hazina ya Mozilla, watengenezaji wa Firefox wenyewe: toleo kwanza, halafu mfumo, halafu lugha. Kila toleo nalitengea ukurasa wake, na tarehe naandika ile programu ilipotolewa, siyo siku niliyopakia. Hilo la tarehe ndilo linalowachanganya wengi.

Kilichonifurahisha zaidi ni namba za uhakiki. Fungua orodha ya mafaili yote ya kifurushi, utaona moja linaloishia na _files.xml. Humo kila faili limeandikiwa MD5 na SHA-1 yake, namba zinazokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani ya faili, kama alama ya kidole. Ukishapakua, fungua lile dirisha jeusi la amri, andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA1. Zinatoka herufi na tarakimu 40. Zikilingana zote, faili limefika zima. Siku moja umeme ulikatika nikiwa napakua LibreOffice. Faili lilibaki pale na jina lake kamili, ungeapa ni zima. Namba zilikataa tangu tarakimu ya kwanza. Bila kuhakiki ningempa mwalimu wa watu fleshi yenye faili bovu, arudi nayo mpaka Kasulu. Siku hizi natumia torrent ya kifurushi, njia ya kupakua kipande kipande, maana umeme ukirudi inaendelea ilipoishia na bando haliendi bure.

Siweki programu ya kuuzwa. VLC ya kuchezea video, Firefox na LibreOffice zina leseni huru, kuzigawa ni halali. Draiva za printa nimeziacha nje, hizo ni mali ya wenyewe.

Na usitegemee sehemu moja. Oktoba 2024 wadukuzi waliishambulia Internet Archive, taarifa za akaunti zipatazo milioni 31 zikavuja na tovuti ikafungwa kwa siku kadhaa. Kwa hiyo nina nakala ya pili hapa kibandani na ya tatu kwa fundi mwenzangu Ujiji.

Kilichonipa moyo wa kuendelea ni mwalimu mmoja mstaafu. Baada ya shikamoo alitoa CD kwenye bahasha ya kaki, imeandikwa kwa kalamu nene: "Jambo". "Fundi, hii bado ina kazi?" Ilikuwa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya Kiswahili iliyotoka mwaka 2004 kwenye Kilinux, mradi wa kutafsiri programu huru, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Menyu zote kwa lugha yetu, miaka hiyo! Mikono ilinitetemeka. CD ina mikwaruzo ukingoni, faili moja kubwa limegoma kunakilika mara nne, na siwezi kukipakia kifurushi kikiwa pungufu. Mwenye CD kama hiyo, popote alipo, naomba asiitupe. Aninakilie faili hilo tu, nikamilishe ukurasa wake na kwenye lugha niandike: Kiswahili.