Jiko la kuchomea samaki na nyama nyumbani: lipi ununue ukiwa Mwanza

Kabla hujauliza bei, jiulize utachoma nini. Kwa wengi wetu huku ziwani jibu ni sato, na sato ndiye anayeumbua jiko baya. Ngozi yake hunasa kwenye wavu, ukimgeuza nusu inabaki. Mbuzi anavumilia jiko lolote, kwa hiyo majiko haya nimeyapanga kwa kipimo cha samaki.

1. Pipa lenye mfuniko

Ni pipa la lita 200 lililopasuliwa kwa urefu, likawekewa bawaba, miguu na wavu. Fundi wa kuchomelea anakutengenezea kwa oda. Ushindi wake ni mfuniko. Mchana upepo wa ziwani unachochea makaa, mkaa unaisha upesi na samaki anaungua nje huku mfupani bado mbichi. Ukifunika na kubana matundu ya hewa, moto unatulia na joto linamzunguka sato mzima.

Muulize fundi pipa lilibeba nini. Kama ni dawa za shamba au kemikali, achana nalo hata kwa bei ya bure. Hata lililobeba mafuta ya kula, liwashie moto mkubwa likiwa tupu mpaka rangi ya ndani iungue yote.

Kisha kagua wavu, maana hapa ndipo wanunuzi wengi hawaangalii. Taka fito za chuma zilizopangwa kwa nafasi isiyozidi upana wa kidole. Kataa waya wa mabati: zinki yake ikipata moto mkali hutoa moshi wenye madhara. Kutoka kwenye makaa hadi wavu ziwepo kama sentimita 15, na mwambie fundi achomelee vishikizo vya ngazi mbili ili uweze kuupandisha. Utamshukuru siku ya sangara, maana mafuta yake yakidondoka ndimi za moto zinaruka juu.

2. Boksi la chuma lisilo na mfuniko

Likitengenezwa kwa shiti ya milimita 3 litadumu kuliko pipa. Kwa mishkaki na kuku ni zuri sana. Kama una ukuta wa kukinga upepo, nunua bila wasiwasi.

3. La matofali

Ni la mwenye nyumba, mpangaji usijisumbue. Jenga kwa matofali ya kuchoma, usiokote mawe ya mlimani ingawa Mwanza yamejaa: jiwe lenye unyevu likipata moto linaweza kupasuka na kurusha vipande.

4. La gesi

Linawaka haraka, lakini ni ghali na harufu ya moshi wa mkaa huipati. Ukilichukua, paka povu la sabuni kwenye mpira na maungio kila unapobadili mtungi. Ukiona mapovu yanavimba, funga gesi.

Kulitunza

Adui mkubwa ni majivu. Yakilala ndani na mvua ya masika ikayakuta, yanakula chuma. Yatoe asubuhi yakishapoa kabisa, kisha funika jiko. Wavu usafishe ukiwa bado na moto: kwangua, sugua kwa nusu ya kitunguu kilichochomwa kwenye uma mrefu, halafu pitisha kitambaa chenye mafuta kidogo. Ukitumia brashi ya waya, hakikisha hakuna unywele wa chuma uliobaki, maana utaishia kooni kwa mtoto.

Siku ya kuchoma, acha wavu upate moto kwanza, paka mafuta samaki na wavu, kisha usimguse sato mpaka aachie mwenyewe. Na mvua ikikukuta katikati ya kazi, hamisha samaki, jiko libaki nje. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, na chumbani inaua.

Baada ya muda, bonyeza tumbo la pipa kwa kidole gumba. Likibonyea, mpelekee fundi aweke kiraka cha shiti ndani kabla halijatoboka.