Mandabi kwenye blu-ray: nilivyoiona, na muvi zetu zinazostahili hivyohivyo

Aisee hii disku nimeingojea miezi miwili, binamu yangu ndo kaja nayo toka Marekani kwenye begi. Mandabi ya Ousmane Sembène, muvi ya Senegal ya 1968, toleo la Criterion, kampuni ya Marekani inayosafisha muvi za zamani na kuzitoa upya kwenye disku. Nianze na kilichonisumbua ili na wewe usikwame: blu-ray zimegawiwa rijoni, yaani kanda za dunia, hii ya Marekani imefungwa rijoni A, sisi huku Afrika tupo B, deki yangu ikaigomea palepale. Nikazunguka Kariakoo karibu siku nzima mpaka nikapata deki ya mtumba inayosoma rijoni zote. Ukiagiza ulizia hilo kwanza.

Sasa picha yenyewe. Ndo muvi ya kwanza ya Sembène ya rangi na imesafishwa kwa 4K, yaani picha kali kabisa, inaanza kinyozi yupo nje ananyoa watu vipara, wembe unaingia mpaka kwenye pua ya Dieng na unaona kila tone la jasho, mi nimezoea muvi za zamani zilizojaa chenga nikabaki nimekodoa macho. Huyo Dieng hana kazi, ana wake wawili na watoto saba, mpwa wake katuma hawala toka Paris faranga 25,000, ambapo yake mwenyewe humo ni 2,000 tu lakini mtaa mzima ushasikia na kila mtu anakuja kukopa. Posta wanataka kitambulisho, kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa, na cheti kinataka ajue kazaliwa siku gani. Nilikuwa naangalia na bi mkubwa, wanaongea Kiwolof na maandishi ya chini ni Kiingereza kwahiyo namtafsiria, tulipofika hapo kwenye cheti akaniambia nyamaza baba, nishaelewa.

Humo ndani kuna na muvi fupi ya Sembène, Tauw ya 1970, kijana wa Dakar anahangaika kutafuta kazi. Hiyo peke yake naihesabu nusu ya bei.

Ila toka siku hiyo nawaza zetu. Mi ningeanza na Arusi ya Mariamu ya 1985, haifiki hata saa moja, mwanamke anaumwa hospitali hawamsaidii na waganga anawaogopa, na ningeiweka disku moja na Maangamizi, ile aliyocheza Amandina Lihamba, ndo muvi ya kwanza Tanzania kuipeleka Oscar, 2001. Zinaendana kabisa, Ron Mulvihill yupo kwenye zote mbili, moja kaongoza na Nangayoma Ng'oge nyingine na Martin Mhando. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji ni nzuri sana, rangi zile za Unguja usiku ni balaa, lakini hiyo ni ya 2021, inaweza kusubiri foleni.

Halafu, na hapa najua wengine watanipinga, Bongo Movie. Oprah ya Kanumba, Ray na Irene Uwoya inastahili kava la maana na kitabu ndani kama hawa Criterion walivyofanya, watu walilia nayo mtaa mzima bwana. Na hizi ndo za kuwahi zaidi, kwa sababu muvi iliyopigwa kwa mkanda wa filamu ukiipata negativu yake, ule mkanda wenyewe uliotoka kwenye kamera, unaiskani upya inatoka safi hata baada ya miaka hamsini, hizi zetu zilipigwa kwa kamera za video, hakuna negativu, kanda ya mwanzo ikipotea au ikifutwa basi imebaki kopi ya kopi. Kanumba katutoka 2012, waliokuwa nyuma ya kamera wengi bado wapo, wakae waongee irekodiwe sasa hivi iwekwe humohumo kwenye disku.

Bi mkubwa anazo sidii zake za Oprah kwenye kabati, part 1 na part 2, kazifunga na mpira wa nywele. Part 2 ina mkwaruzo, ikifika katikati inaganda, huwa anatusimulia mwenyewe sehemu iliyobaki.