Vazi la Gofu: Kipi Ununue Kwanza, Kipi Kisubiri

Sheria za mchezo wa gofu hazitaji kola wala suruali. Kila klabu hujipangia, na ndiyo maana vazi lililokupitisha uwanja mmoja laweza kukurudisha getini uwanja mwingine. Kabla ya kutoa hela, uliza kanuni za klabu unayokwenda kuchezea. Kama unatembea viwanja tofauti, nunua kwa kufuata ile yenye masharti makali kuliko zote.

Mpangilio huu umefuata maswali mawili: kitu gani kinaweza kukuzuia kuingia, kisha kitu gani kitaharibu pigo lako.

1. Suruali

Wengi wanaorudishwa huponzwa na sehemu ya chini ya mwili. Jinzi, trakisuti na suruali za mifuko ya pembeni mapajani hukataliwa karibu kila mahali. Salama ni suruali ya kadeti au ya kitambaa, yenye vishikio vya mkanda.

Chaguo la kwanza ni polista nyepesi iliyochanganywa na spandeksi (nyuzi zinazovutika): hunyumbuka, hukauka upesi, haijikunji. La pili ni pamba yenye spandeksi asilimia 2 au 3. Inavutia zaidi machoni, ila ikilowa umande asubuhi utatembea na pindo zito hadi jua likolee. Kadeti ya pamba tupu iwe ya mwisho, maana hubana magoti na nyonga ukigeuka.

Ijaribu dukani kwa kuchuchumaa kama unayesoma mteremko wa grini, ile sehemu ya nyasi fupi yenye shimo. Kiuno kikishuka nyuma au paja likibana, iache. Tia mkono mfukoni pia: ti (kijiti cha kuwekea mpira), mpira wa akiba na glavu vinahitaji mfuko wa kina.

Kaptula inakubalika klabu nyingi ikiwa imeshonwa kama suruali na kuishia juu kidogo ya goti. Baadhi ya klabu zinadai na soksi ndefu. Wachezaji wa PGA Tour, mfululizo wa mashindano ya wanagofu wa kulipwa Marekani, wenyewe waliruhusiwa kaptula mwaka 2019, tena kwenye mazoezi na raundi za pro-am tu, ambako hucheza pamoja na wasio wa kulipwa; mashindanoni ni suruali ndefu. Suruali za kubana kifundo kwa lastiki bado zinazua ubishi mapokezini, kwa hiyo zisiwe ununuzi wako wa kwanza.

2. Fulana ya kola

Hapa ndipo watu hununua kwa macho. Tazama lebo kwanza. Polista yenye spandeksi kidogo, uzito wa gramu 140 hadi 180 kwa mita ya mraba, ndiyo inayofaa kwa jua na joto: husambaza jasho juu ya kitambaa likakauka. Nyepesi mno huonyesha mwili ikilowa. Mchanganyiko wa pamba na polista unafuata, mlaini zaidi kwenye ngozi. Pamba tupu hunywa jasho na kukaa nalo. Ukifika shimo la tisa imeshaganda mgongoni na kuvuta bega kila unapoinua fimbo.

Polista ina kasoro yake: hushika harufu. Ifue mapema, na usitumie dawa ya kulainisha nguo, maana huacha utando kwenye nyuzi na kitambaa kikaacha kupitisha jasho. Wengi hudhani fulana imechakaa, kumbe ni hiyo dawa.

Ukiwa mbele ya kioo, chomekea, kisha inua mikono hadi mwisho wa pigo. Ikichomoka, ni fupi, na kupanda saizi hakusaidii sana kwa sababu mabega yatazidi. Tafuta iliyoshonwa ndefu zaidi. Angalia na kola: iliyofumwa nyembamba hujikunja ncha baada ya kufuliwa mara chache. Fulana ya shingo ya kusimama isiyokunjwa inakubalika siku hizi kwenye klabu kadhaa, si zote. Kwa wanawake, isiyo na mikono hupita mara nyingi mradi iwe na kola.

3. Viatu

Vimekaa nafasi ya tatu kwa sababu klabu nyingi humvumilia anayeanza akiwa na raba safi za soli bapa. Njumu za mpira wa miguu, hapana.

Ukicheza uwanja mkavu na tambarare, chukua soli ya vinundu visivyotoka. Unaweza hata kuviendeshea gari. Uwanja wenye vilima au nyasi zenye maji unataka meno ya plastiki yanayofunguliwa. Meno ya chuma yanakataliwa karibu kote kwa kuchana grini. Meno yakichakaa hubadilishwa kwa ufunguo wake, lakini mifumo ya kufungia haifanani: chomoa jino moja la zamani ukalilinganishe kabla ya kununua seti.

Raundi ya mashimo 18 kwa miguu ni kilomita 8 hadi 10 hivi. Jaribu viatu alasiri, mguu ukiwa umevimba kidogo, na soksi utakazochezea. Kisigino kikipanda na kushuka, utapata lengelenge.

4. Glavu

Anayepiga kwa mkono wa kulia huvaa ya kushoto, na kinyume chake. Ngozi laini hushika vizuri kuliko zote ila huisha haraka; ya sintetiki hudumu na huvumilia jasho. Ikae kama ngozi ya pili, bila mikunjo kiganjani. Kibandiko kisifike mwisho ikiwa mpya, maana ngozi hutanuka. Usiianike juani: hukakamaa na kupasuka.

5. Kofia na koti la mvua

Kapelo yoyote safi inatosha. Ivue ukiingia ndani ya klabu. Koti linahitaji macho zaidi. "Linahimili maji" maana yake ni manyunyu tu. La mvua ya kweli huandikwa kipimo cha kuzuia maji cha milimita 10,000 au zaidi, na mishono yake imezibwa kwa utepe upande wa ndani, ligeuze uone. Livae juu ya fulana na uige pigo zima. Likichakarisha masikioni unaporudisha fimbo nyuma, jaribu jingine.