Uzoefu wangu: tundu la wavu, reli za matawi na mimea ya kinyonga wa pembe tatu

Ninaishi Minneapolis na ninafuga kinyonga wa pembe tatu, jamii ileile ya nyanda za juu za Kenya na Mlima Meru wa Tanzania. Wengi wanaofugwa Marekani wana asili ya Hawaii, ambako vinyonga kutoka Kenya waliingizwa mwaka 1972 wakazaliana msituni. Mama yangu kule Nyeri, kila tukipigiana simu ya video, huniuliza, "Mwanangu, hicho kitu utakitoa lini nyumbani?" Sikitoi. Nampenda huyu mnyama, na pesa nilizotumia kumtengenezea makao mazuri sizijutii.

Tundu nililonunua ni la wavu wa alumini, sentimita 61 kwa 61, na kimo cha sentimita 122. Kinyonga mmoja mzima linamtosha. Mlango unafunga barabara, trei ya chini inachomoka kwa urahisi, na hewa inapita kila upande, jambo kubwa kwa mnyama wa milimani. Lakini karatasi ya maelekezo haisemi lolote kuhusu namna ya kuweka matawi, na wavu wenyewe ni mwembamba, haubebi uzito. Ukifunga tawi la maana juu yake, unapinda na mwishowe unachanika. Nani ananunua tundu la kinyonga asiweke matawi? Kwa hilo watengenezaji nawalaumu.

Kilichoniokoa ni reli za plastiki zinazouzwa kando. Ni vipande virefu vyenye matundu, unavikaza kwa skrubu kwenye fremu ya alumini, si kwenye wavu, kimoja kushoto na kingine kulia kwa kimo kilekile. Baada ya hapo tawi unalilaza kutoka reli hadi reli na kulibana kwa kamba za plastiki za kukazia, zile mafundi wa umeme hutumia kukusanya nyaya. Vyungu navyo vinaning'inia hapohapo, sakafu inabaki tupu, rahisi kusafisha. Bei ni kali kwa vipande vya plastiki, ila kama mfuko wako una nafasi ya kitu kimoja tu zaidi ya tundu na taa, nunua reli.

Matawi usinunue. Yale ya dukani yamenyooka na yote yana unene mmoja. Mimi huokota ya mti mgumu usio na utomvu, nayasugua kwa brashi na maji ya moto, kisha nayaanika hadi yakauke kabisa. Chagua kwa kuangalia miguu ya kinyonga. Vidole vimeungana makundi mawili: mguu wa mbele vitatu ndani na viwili nje, wa nyuma viwili ndani na vitatu nje, na kila mguu unabana tawi kama koleo. Tawi likiwa nene kupita mshiko huo, anabaki kuning'inia kwa kucha. Likiwa jembamba kama waya, linayumba naye anasita kupita. Changanya unene, miguu isikae mkao mmoja siku nzima.

Mengi kati ya matawi yangu yamelala, yako katika vimo tofauti, na vijiti vya mshazari vinayaunganisha ili apande na kushuka bila kugusa wavu. La juu kabisa ndilo la kuota joto. Liko sentimita 25 hivi chini ya taa, na joto nalipima pale mgongo wake unapofika, si kwenye gome la tawi, kwa sababu mgongo ndio unaoungua. Nyuzi 27 au 28 zinamtosha. Ile taa ndefu ya UVB, yaani miale isiyoonekana kama ile ya jua, nayo isizibwe na majani juu ya tawi hilo. Usiku nazima zote na kuacha chumba kipoe hadi nyuzi 15 hivi, kama anavyozoea porini.

Mimea ndiyo inayomtuliza, na pothosi ndiyo naisifu kuliko yote. Huu ni ule mmea wa kutambaa wenye majani ya umbo la moyo ambao Nairobi wengi huuita mani planti. Unavumilia unyevu na kivuli, na majani yake mapana yanashika matone. Hilo si urembo: kinyonga hatambui maji yaliyotulia kwenye bakuli, anakunywa matone. Asubuhi baada ya kunyunyiza utaona jicho moja linageuka, linatulia juu ya tone linalometa kwenye ncha ya jani, kisha ulimi unatoka polepole na kuligusa. Nimeongeza sheflera kwa sababu shina lake gumu linapandika, na fikasi moja ya majani madogo kufanya pazia.

Pazia hilo nimeliweka upande unaotazama mlango wa chumba. Kinyonga anayeonekana kutoka pande zote hapumziki. Ukimkaribia anazunguka upande wa pili wa tawi na kujibana awe mwembamba, na akilazimika kufanya hivyo kutwa nzima anaacha kula. Upande wa pili nimeuacha wazi apate kuota joto na kulenga nyenje kwa ulimi bila majani kumzuia. Tundu lenyewe liko juu ya meza imara, tawi la juu likapita macho yangu. Mnyama huyu hupenda kukutazama kutoka juu.

Lalamiko langu la mwisho ni kwa duka la mimea, ambalo silitaji. Majani yalikuja yamepakwa dawa ya kuyang'arisha, na udongo umejaa mbolea na chembe nyeupe za perlaiti, ambazo ulimi wa kinyonga unaweza kuzinasa pamoja na mdudu. Popote ununuapo, osha kila jani pande zote mbili, badilisha udongo uweke wa kawaida usio na mbolea, na ufunike kwa mawe makubwa kuliko kichwa chake. Kisha uache mmea nje ya tundu wiki kadhaa hadi utoe majani mapya, ndipo uuingize.