Kabla Hujanunua Kadi Nyingine ya Sauti, Sikiliza Hii Uliyonayo Ikiwa Kimya

Kadi ya sauti, yaani kifaa kinachoitolea kompyuta sauti, niliyoinunua mara ya kwanza sikuihitaji. Nalisema mapema ili mtu asidhani nimeandika mwongozo huu kwa ujuzi. Nimeuandika kwa uchungu.

Ilianza nikiwa nahariri rekodi. Kila nikisogeza kipanya, sikio la kulia linasikia kitu kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Nikiacha kipanya, nyuki ananyamaza. Nikakimbilia dukani. Muuzaji hakuniuliza swali hata moja, akanitolea kadi ya kuchomeka ndani ya kasha la kompyuta, boksi limenakshiwa, jeki zinang'aa rangi ya dhahabu, na ubavuni imeandikwa 7.1, yaani sauti ya spika nane, kwa herufi za ukubwa wa kiganja. Fundi wao akaifunga. Akachukua na ule waya mwembamba unaotoka kwenye jeki za mbele ya kasha, akauhamishia kwenye kadi mpya. Nikarudi nyumbani, nikavaa hedifoni, nikasogeza kipanya. Nyuki yuleyule.

Kumbe ugonjwa haukuwa kwenye kadi, ulikuwa kwenye waya. Waya huo unatoka mbele ya kasha, unakatiza kando ya kadi ya grafiki, ile inayotengeneza picha za skrini, na pawasaplai, ile inayogawa umeme, na unabeba umeme mdogo sana wa sauti. Njiani unazoa kila uchafu wa umeme unaoukuta. Ningechomeka hedifoni kwenye jeki ya kijani ya nyuma, iliyo kwenye madabodi yenyewe (bodi kuu ya kompyuta, yenye kadi yake ya sauti), ningepona siku hiyohiyo bila kufungua pochi. Nilipoirudisha kadi, nikaambiwa ikishafunguliwa boksi hairudi. Nikauliza ningejuaje kama inafanya kazi bila kulifungua. Sikujibiwa.

Kwanza, mkamate mwizi mwenyewe

Kwa hiyo usinunue kitu leo. Chomeka hedifoni zako kwenye simu. Zikitatarika na huko, waya wa hedifoni umekatika ndani, mara nyingi pale karibu na pini unapokunjwa kila siku. Zikiwa salama, hamia jeki ya nyuma ya kompyuta kama nilivyosema.

Kama tatizo ni kwamba hakuna sauti kabisa, angalia kompyuta inapeleka sauti wapi. Skrini ikiunganishwa kwa HDMI, au draiva ya grafiki (programu inayoiwezesha kompyuta kutumia kifaa hicho) ikisasishwa, Windows inaweza kuamua kwamba sauti iende kwenye skrini, hata kama skrini hiyo haina spika. Kadi nyingi "zilizokufa" zimefia hapo.

Halafu draiva. Nenda kwenye Device Manager, ondoa draiva ya kadi yako, kubali kufuta na programu yake, kisha washa upya. Windows itaweka draiva yake ya kawaida, na kwa chipu za Realtek, ambazo ndizo zilizo kwenye madabodi nyingi, hiyo inatosha kusikilizia. Ikikataa, weka Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, kwenye flashi na uiwashe kompyuta kutoka humo bila kuisakinisha. Sauti ikitoka safi kwenye Linux, kadi yako ni nzima na mwenye kosa ni programu. Ikikwaruza vilevile, au upande mmoja ukabaki bubu kwenye jeki zote, hapo tunaweza kuanza kuzungumza habari za maziko.

Kuna mkwaruzo mwingine unaowapotosha watu: sauti inakatika vipande vipande, hasa intaneti ikiwa na kazi. Huo kwa kawaida si wa kadi. Kuna draiva, mara nyingi ya Wi-Fi au ya grafiki, inayokishikilia kichakataji cha kompyuta kwa muda mrefu kuliko haki yake, na sauti inakosa zamu. Programu ya LatencyMon inaonyesha ni ipi. Ukinunua kadi mpya kwa tatizo hilo utakuwa umebadilisha sahani wakati chakula ndicho kibovu.

Wenye laptopu, ng'oeni chaja kwanza. Mvumo ukiisha, umeme unazunguka kati ya chaja na spika zako kupitia waya wa ardhi.

Kile ambacho boksi halikisemi

Tuseme umethibitisha kwamba kadi imekufa. Yangu ile ya kwenye madabodi nayo ilikufa baadaye, kwa haki safari hii: sikio la kushoto lilizima, mbele na nyuma. Utaingia madukani na utaanza kuonyeshwa namba za ubora wa sauti. Biti 24. Kilohezi 192. Kilohezi 384! Sitazijadili. CD ina biti 16 na kilohezi 44.1, na watu wamelia kwa nyimbo zilizo kwenye CD.

Mimi naangalia kitu kimoja tu: kifaa kinasikikaje kikiwa hakichezi chochote. Vaa hedifoni, simamisha kila kitu, pandisha sauti hadi pale unaposikilizia kwa kawaida, kisha nyamaza. Unasikia "shhhh" kama bomba linavuja? Sogeza kipanya. Fungua ukurasa wenye picha nyingi na uuteremshe. Nakili faili kubwa. Kama ule mvumo wa umeme unabadilika kufuatana na unachofanya, kifaa hicho kinasikiliza kompyuta yako na kukusimulia. Utaisikia kelele hiyo kwenye kila kituo cha mazungumzo, kila mwisho wa wimbo, na ukiwa unarekodi utaiuza kwa wasikilizaji wako pia.

Namba inayokaribia kueleza hili ni ile ya desibeli, inayolinganisha sauti kubwa kabisa na kelele ya chini. Biti 16 kwa nadharia zinafika takriban desibeli 96. Chipu ya Realtek ALC1220 inatangaza 120. Lakini namba hiyo ni ya chipu, haisemi chipu imewekwa wapi. Ukiipanda sentimita chache kutoka kwa kadi ya grafiki inayovuta mamia ya wati, na mpangilio wa ardhi ukawa wa ovyo, utapata nyuki wa daraja la kwanza. Tena hedifoni ndogo za kuingia sikioni, zile zinazopiga kelele kwa umeme kidogo, ndizo zinazofichua uovu wote. Zipeleke hizo dukani kujaribia, siyo zile kubwa nzito.

Na rangi ya dhahabu kwenye jeki? Dhahabu haishiki kutu. Basi. Haimfukuzi nyuki.

Ninavyovipanga

Ya kwanza kwangu ni Sound BlasterX G6 ya Creative, na sifichi kwamba naipendelea kampuni hiyo. Ni ya Singapore, inatengeneza Sound Blaster tangu 1989, na vifaa vyake vimenihudumia miaka mingi. G6 inakaa nje ya kasha, juu ya meza, mbali na vurugu za ndani. Creative wanaitangazia desibeli 130, ambazo sikio langu haliwezi kuzihesabu, lakini mtihani wa kipanya inaufaulu: nimevaa hedifoni zangu ndogo, nimenyamaza, nimesikia damu yangu mwenyewe. Ina swichi ya ubavuni ya nguvu ndogo na nguvu kubwa. Iache kwenye ndogo isipokuwa una hedifoni nzito za studio, maana wengi huiweka kubwa halafu wanalalamika kuna kelele. Ina pia tundu la optiki, na waya wa optiki hupitisha mwanga badala ya umeme, kwa hiyo mvumo hauna pa kupandia. Ubaya wake: tundu lake la USB ni lile dogo la zamani la micro-USB, jambo ambalo sijui walikuwa wanafikiria nini, na programu yake imejaa madoido ya kuigiza ukumbi wa sinema. Zima yote.

Kifaa cha nje nacho si malaika. Kinakunywa umeme wa kompyuta ileile kupitia USB, na uchafu unaweza kufuata njia hiyo. Ukisikia mvumo, jaribu tundu la nyuma lililo kwenye madabodi, kisha kiondoe kwenye kigawanyio cha USB ulichokijaza diski na chaja.

Ya pili itawaudhi wengine: ni kile kiwaya kifupi cha Apple cha kutoka USB-C kwenda jeki ya milimita 3.5. Ndiyo, kile kinachoonekana kama kamba ya kiatu. Kimetulia kuliko kadi nyingi za ndani zenye mataa ya rangi, kinafanya kazi kwenye Windows na Linux bila draiva yoyote, na maiki ya hedifoni za simu inaingia. Hakina nguvu ya kuendesha hedifoni kubwa, kwenye baadhi ya simu za Android sauti yake inabaki chini, na ukikizungusha shingo kila siku kitakatika. Kwa mtu ambaye jeki ya laptopu imekufa na anataka tu kusikiliza mkutano na muziki, naona hakuna sababu ya kwenda mbali zaidi.

Ya tatu ni Focusrite Scarlett Solo, kwa wanaorekodi sauti zao. Maiki ya studio inaingia moja kwa moja, na volti 48 za kuilisha zipo. Kimya chake ni kizuri upande wa kurekodi, ambako kadi za kawaida huaibika. Jeki ya hedifoni ni ile nene ya milimita 6.35, kwa hiyo tafuta kiunganishi kabla hujafika nyumbani ukaanza kutukana. Kama hurekodi, utakuwa umelipia nusu ya kifaa usiyoigusa.

Kadi za ndani naziweka chini, hata zile za Creative na za ASUS zilizovikwa mfuniko wa chuma kuzuia mawimbi. Mfuniko unasaidia. Haumwondoi jirani. Ukishikilia kununua, hakikisha tundu lako ni PCIe na siyo PCI ya zamani, kwa sababu bado zinauzwa zote mbili, haziingiliani, na muuzaji hatakukumbusha. Angalia pia kama kadi inataka waya wake wa umeme kutoka pawasaplai. ASUS Xonar DX, kwa mfano, inataka ile plagi ndogo iliyokuwa ya diski za flopi. Ichomeke mbali na kadi ya grafiki kadiri nafasi inavyoruhusu. Na waya wa jeki za mbele, tafadhali, usiuguse.

Vile vidude vya USB vya bei ya chini, vyenye tundu la kijani na la waridi: vinatosha kuthibitisha kama kadi yako imekufa. Weka kimoja kwenye droo kwa kazi hiyo.

Hapo ndipo ninapokasirika tena, kwa sababu vidude hivyo navyo vimeandikwa 7.1. Kifaa chenye tundu moja la kutolea sauti, masikio mawili, na kinadai spika nane! Maana yake ni kwamba programu inaigiza. Niliwahi kumuuliza muuzaji sauti nyingine sita zinatokea wapi, akaniambia zinatoka "kwa ndani." Nikamwomba nijaribu kwa hedifoni zangu, akasema watu hawajaribu kadi za sauti, watu hujaribu viatu. Sasa natembea na laptopu na hedifoni zangu ndogo kwenye begi, na duka lisiloniruhusu kuchomeka kwa dakika mbili siliachii hela. Yule wa viatu bado ananiona nikipita. Kadi yake ya jeki za dhahabu ninayo hadi leo, kwenye boksi lake, imefunguliwa mara moja tu.