Katambuga za tairi, kutwa nzima kwenye vilima na magofu ya Mikindani

Katambuga hizi nimezinunua kwa fundi anayekaa chini ya mkungu, jirani na soko kuu hapa Mtwara. Nimelipa shilingi 12,000 kwa oda. Zile alizozitundika tayari huuza 8,000, lakini mguu wangu wa kulia ni mpana kuliko wa kushoto, na viatu vya dukani vimenitesa tangu nikiwa shule. Nina miezi mitatu nazo. Ningeweza kuandika kuhusu kuzivaa kibandani kwangu au kwenda nazo kisimani, ila kilichonifanya nikae niandike ni Jumapili moja ya mwisho wa Oktoba. Mimi na somo yangu tulishinda kutwa Mikindani, tukapanda vilima vya nyuma ya mji na kuingia kwenye nyumba za mawe zilizoachwa.

Nianze na utengenezaji, maana mimi ni fundi cherehani na mkono wa mtu naujua kwa anavyokata. Aliniambia nisimame juu ya boksi la biskuti lililokunjuliwa, akachora miguu yote miwili, mmoja mmoja, bila kugeuza mchoro wa kwanza ili apate wa pili. Hapo alishanipata. Kisha akachagua tairi. Alibonyeza matatu, akaacha mawili. Nilipouliza sababu akaniambia yale yana waya ndani: ukikata, ncha za waya zinabaki kwenye ukingo na siku moja zitakutoboa. Yeye anatafuta tairi la nyuzi. Kisu chake anakichovya kwenye kopo la maji kila baada ya mkato, kwa sababu mpira mkavu unakikamata kisu na mpira uliolowa unakiachia. Nilimwona akikata ukingo wa kisigino kwa mkupuo mmoja, mviringo safi kabisa, kama mtu anayekata shingo ya gauni bila kuchora. Mikanda ameipitisha kwenye matundu ya pembeni, akaigongelea vimisumari na kuvikunja ncha. Miguu haigusi chuma popote.

Siku ya safari somo alivaa raba nyeupe, mpya, za dukani. Tunaitana somo kwa sababu jina letu ni moja, na tangu darasa la tatu hatujaitana vingine. Alipoona miguu yangu stendi akasema, "Somo, unakwenda shamba au unakwenda kutembea?" Nikamwambia tutajua jioni.

Mikindani si mbali, kama kilomita 10 kutoka mjini, na daladala zipo muda wote. Watu wengi wanashuka, wanapiga picha Boma, wanarudi. Boma ni zuri, sikatai. Wajerumani walilijenga mwaka 1895, baadaye likachakaa sana, na leo limefufuliwa ni hoteli, jeupe, na mnara wake unauona tangu barabarani. Lakini sisi tulitaka yale ambayo hayajafufuliwa.

Kabla ya kupanda tulisimama kidogo kwenye nyumba yenye kibao cha David Livingstone. Alishukia Mikindani Machi 1866, akaanzia hapa safari yake ya mwisho kuelekea bara, akiwa na ngamia sita, nyati, nyumbu na punda. Kibao kinamtaja yeye. Mimi kila nikipita pale nawafikiria Chuma na Susi, watumishi wake wawili. Na wao waliondoka hapa hapa mwaka ule, kwa miguu. Livingstone alipofariki mwaka 1873, kule ambako sasa ni Zambia, wao na wenzao ndio walioubeba mwili wake mpaka Bagamoyo, safari ya miezi mingi. Somo akaniuliza, "Hivi walivaa nini miguuni?" Hatukuwa na jibu, lakini swali lile lilitufuata kutwa nzima, na nakiri lilinifanya nione thamani ya mguu wangu. Natamani siku moja majina yao yawekwe hapo ukutani, kwa herufi kubwa kama za mwenzao.

Njia ya kilimani inaanza nyuma ya mji. Mwanzo ni mchanga mwepesi, kisha changarawe, kisha unaingia kwenye mikorosho. Kwenye mchanga katambuga zinachosha: zinachota, unatembea umebeba kokoto chini ya unyayo, na inabidi usimame kupiga mguu chini. Raba za somo hapo zilinishinda. Tulipofika kwenye changarawe mambo yakageuka. Kashata za tairi zinauma ardhi. Nilipanda mteremko mkali bila kushika kitu, na somo nyuma yangu anashika vichaka. Mbigili zilikuwa zimetapakaa kila mahali. Nilipozikagua soli jioni nilihesabu mbigili kumi na moja zimekwama kwenye mpira, na hakuna hata moja iliyopenya. Moja ya raba za somo ilipenywa mpaka kwenye kidole gumba kabla hatujafika nusu ya kilima.

Msimu wa korosho ndio ulikuwa unaanza. Mabibo yameanguka chini ya miti, mengine yameshachacha, harufu ile tamu ya ukali unaisikia tangu mbali. Ukikanyaga bibo lililoiva unateleza kama umekanyaga sabuni, na katambuga hazikuniokoa. Nilianguka kwa goti. Nguo ikapata utomvu, na anayeijua korosho anajua utomvu ule hautoki kwa sabuni yoyote. Kitenge kile sasa ni cha jikoni. Tulimkuta bibi mmoja anaokota korosho na kuzinyofoa kwenye mabibo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Mnatafuta nini huku juu, na ndoo hamna?"

Tukamwambia tunatembea tu. Alitutazama kwa huruma. Kisha akaziona katambuga, akaniambia nivue moja aitazame. Akaikunja, akavuta mkanda, akasema za zamani zilikuwa nzito zaidi, hizi fundi amepunguza mpira katikati. Mimi fundi wa nguo sikuliona hilo. Bibi wa shambani aliliona kwa kushika mara moja. Ndiye aliyetuonyesha njia ya kushukia upande wa pili, kwenye kuta.

Juu kabisa tulikaa kama nusu saa. Ghuba ya Mikindani ukiitazama kutoka pale ni duara, imezungukwa na minazi na mikoko, na mlango wake wa kutokea baharini ni mwembamba. Unaelewa mara moja kwa nini majahazi yalipapenda. Unaelewa pia kwa nini watu waliotekwa huko Nyasa waliletwa kwenye pwani hii: chombo kikishaingia humu hakionekani na bahari wala hakisumbuliwi na upepo. Tulinyamaza sote wawili.

Sasa magofu. Hayana kibao wala kiingilio. Ni kuta tu, baadhi zimesimama kufikia kichwa cha mtu, mizizi ya miti imeziparamia, paa hakuna. Ni mawe ya matumbawe na chokaa, chokaa ile ya kuchoma matumbawe yaleyale juu ya tanuri la kuni. Ukipitisha kiganja ukutani unaona ndani ya jiwe vile vyumba vidogo vidogo vya matumbawe, kama sega la nyuki lililogeuka jiwe. Kwenye ukuta mmoja vimebaki vidaka viwili, vile vishubaka vya ukutani vya kuwekea vitu, na juu yake mstari wa matundu ya mraba ambamo boriti za mikoko ziliingia kushika dari.

Tepu yangu ya kupimia haitoki mkobani, basi nikapima. Chumba kile kilikuwa na upana wa mita mbili na sentimita 60, na urefu zaidi ya mara mbili ya hapo. Cha pili vilevile, chembamba na kirefu. Nyumba za mawe za pwani yetu ndivyo zilivyo, kwa sababu boriti ya mkoko ina urefu wake, na juu ya urefu huo huwezi kujenga dari bila nguzo. Mimi nakata gauni kwa kufuata upana wa kitambaa. Yule mwashi alikata nyumba kwa kufuata mti. Nilimwonea fahari mtu nisiyemjua.

Kilichoniuma ni mashimo. Chini ya ukuta ule mzuri kuna mtu amechimba, shimo la kuingia mtu mzima, eti anatafuta rupia za Mjerumani. Msingi unaning'inia. Mvua mbili kubwa na ule ukuta wa vidaka utalala. Ndugu zangu mnaochimba, mali yenyewe ndiyo hiyo mnayoibomoa.

Humo ndani ndimo katambuga ziliponifaa kuliko popote. Matumbawe yaliyovunjika yana makali ya wembe, na sakafu yote ni vipande. Nilikanyaga ninavyotaka. Raba za somo zilichanika ubavuni, mchano wa kidole kizima. Upande mwingine, mguu wangu ulikuwa wazi na magofu yalikuwa na upupu, maganda yamekauka. Nilijikuna mpaka machozi. Tuliomba majivu kwenye nyumba ya kwanza tuliyoifikia, nikasugua, ikapungua. Kwa hiyo ukienda vichakani na katambuga, vaa soksi ndefu hata kama utachekwa.

Na kasoro ya pili ilitokea wakati wa kushuka: kimsumari kimoja cha mkanda wa nje, mguu wa kulia, kiling'oka. Nilifunga kwa kipande cha uzi wa nailoni nilichokuwa nacho, nikatembea hivyo mpaka ufukweni. Tuseme pia kwamba kwenye mawe yenye mwani hazishiki kabisa, na jua likiwaka sana mpira unaacha weusi kwenye unyayo. Nilioga mara mbili.

Kwa mama lishe wa pwani tulikula ugali wa muhogo na changu wa kukaanga, tukavua viatu wote wawili chini ya meza. Somo alikuwa na malengelenge mawili kisigino. Mimi nilikuwa na weusi, upupu na goti, lakini lengelenge hata moja sikuwa nalo.

Jumatatu nilizirudisha kwa fundi. Hakubishana wala hakutaka hela. Aling'oa misumari yote ya upande ule, akaweka mirefu kidogo, akaikunja mbele ya macho yangu. Wiki mbili zimepita, haijacheza. Anafungua asubuhi mpaka adhuhuri, oda inachukua siku mbili, na ukitaka mikanda ya kuvuka kifundoni mwambie mapema.

Somo alikuja nami siku ile. Wakati fundi anagonga misumari yangu, yeye alishavua, kasimama juu ya boksi, anasubiri kuchorwa.