Plafoni nzuri, lakini lile neno la Uvira

"Mama, kama uko natafuta joto, uhamie Uvira."

Hayo nimeambiwa nyumbani kwangu, hapa Keshero, Goma, na kijana aliyeniwekea plafoni, yaani dari, ambaye alikuwa bado ananidai salio la kazi yake. Kikombe kilikuwa mkononi mwake bado. Chai yangu, sukari yangu.

Nyumba yetu ni ya mbao kama nyingi za Goma, imekaa juu ya mawe ya volkano, na juu ilikuwa manjanja matupu. Jua likiwaka, bati lile jembamba linatupika. Ikifika saa tisa usiku, mvua ikiwa imetoka kunyesha, upepo wa ziwani unaingia kama mwenye nyumba. Mtoto wangu wa mwisho alikohoa msimu mzima. Nikawa naingiza mbabula, jiko la makaa, chumbani, mpaka jirani akanigombeza: makaa yana hewa ya sumu isiyo na harufu, watu wanalala nayo hawaamki. Ndipo nikawatafuta watu wa plafoni. Wakaniambia tukiweka triplekse, zile mbao nyembamba za kubandika, baridi kwisha.

Nisiwe mwongo, kazi yao inapendeza machoni. Maungio yamenyooka, rangi nyeupe, mgeni akiingia anainua shingo. Lakini usiku wa kwanza nililala na soksi. Wa pili pia. Baada ya siku kadhaa madoa ya manjano yakaanza kujichora juu ya kitanda, na alfajiri moja tone likaniangukia shavuni. Mvua haikuwa imenyesha.

Nikampigia bosi wao, kijana huyo, simu, nikapiga tena na tena. Alipokuja alitazama juu kwa muda wa kumeza funda moja, akasema manjanja yanatoa jasho. Nikamuuliza: jasho gani, manjanja yanalima? Ndipo akanitupia ile Uvira yake.

Uvira! Mji wao uko chini kando ya ziwa Tanganyika, mita 770 na kitu juu ya bahari. Sisi tuko kwenye 1,500 hivi. Nani asiyejua kuwa huko kuna joto? Lakini mimi sikulipa nauli, nililipa plafoni. Nililizungusha neno hilo kichwani wiki nzima, hata nikiosha vyombo nilikuwa namjibu peke yangu.

Aliyeniokoa ni shemeji yangu, anayefanya kazi ya mbao. Alisema: zima taa, leta buji, yaani mshumaa. Akaiwasha, akaipitisha taratibu kando ya ukuta. Kwenye ubao mzima mwali ulisimama wima. Ukifika kwenye maungio, unalala. Mbao zile ziligongwa zikiwa mbichi, akaniambia, zikakauka na kujikunja, sasa kati yake kidole kidogo kinapita. (Hilo si la watu wa plafoni, ni la aliyetujengea. Naye zamu yake itafika.) Tukaenda hivyo mpaka kona ya nyuma ya kabati. Hapo buji ikazimika kabisa.

Triplekse zimeishia kabla ya ukuta! Nafasi iliyobaki nilipitisha mkono mpaka kifundo. Kwa nini? Kwa sababu hawakutaka kusogeza kabati. Na ukichungulia humo unaona pale manjanja yanapolala juu ya ukuta, mawimbi yote wazi, panya anaweza kupita na chukudu yake, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo.

Nikataka tuzibe kila kitu. Shemeji akakataa. Aliziba kona kwa kipande cha triplekse, akapigilia vibao vyembamba juu ya kila ufa wa ukuta, lakini kule kwenye mawimbi akaweka wavu tu. Hewa ya juu ya plafoni lazima itembee, akasema, baridi ikae huko juu na wewe ukae chini. Kisha akaniuliza: maharagwe unapikia wapi?

Ndani. Mlango umefungwa, saa tatu nzima, kwa sababu ya baridi hiyohiyo. Mvuke unapanda, unapenya kwenye ile kona, unakutana na bati lililopoa, unageuka maji, maji yanashukia plafoni.

Kumbe kijana alisema kweli. Manjanja yalikuwa yanatoa jasho, na jasho lenyewe la sufuria yangu. Niliona haya, nikaanza hata kufikiri salio lake nimpe bila maneno.

Lakini alijua! Swali moja tu kama la shemeji lingetosha, yeye akanihamisha mkoa. Hapana, msiwaite hawa watu. Au waiteni, ila kabati msogeze wenyewe kabla hawajafika, na chai msiwape.

Tangu hapo soksi nimezivua, na mbabula inalala nje. Juzi mama mmoja wa mtaa wa Himbi alikuja kunisalimia, akainua shingo kama wote, akaomba namba ya aliyeiweka. Nikampa. Nikampa na buji.